Gemu Imesimama, Kadi Bado Inakimbia

Jumamosi iliyopita maji yalirudi saa mbili usiku. Kule Zimmerman, mtaa wa Nairobi ninakoishi, mfereji ukianza kukoroma huulizi mara mbili. Unashika mitungi na kushuka ngazi. Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha gemu, nikaacha kila kitu kama kilivyo, nikaenda kupanga foleni. Dakika arobaini baadaye, nikiwa mlangoni na mtungi wa mwisho, nilizisikia feni za kompyuta kabla sijaingia ndani. Kwenye skrini mhusika wangu alikuwa palepale nilipomwacha, mguu mmoja hewani, menyu ikiwa imemfunika kifua. Kipimo kidogo nilichokichomeka kati ya soketi na kompyuta kilisoma wati 243. Nikiwa katikati ya mapigano, huwa kinasoma 220 hivi.

Yaani mashine ilikuwa inakula stima nyingi zaidi ikiwa imesimamishwa kuliko ikiwa inachezwa. Nilipomsimulia fundi mmoja wa Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya elektroniki hapa Nairobi, ambaye amenihudumia kwa miaka, hakushtuka. "Mdogo wangu, iache," akaniambia. "Kinachoua kadi si moto. Ni joto kupanda na kushuka." Nimeyafikiria maneno yake wiki nzima. Ana hoja, tena hoja nzito, lakini siamini kwamba inatosha.

Tuanze na kinachotokea ndani. Kazi ya kadi ya grafiki ni kuchora picha, zile tunazoziita fremu, moja baada ya nyingine. Ukisimamisha gemu, kinachosimama ni saa ya ndani ya gemu: adui hafikirii tena, risasi inaganda njiani, gari haliendi. Uchoraji hausimami. Wanaotengeneza gemu kwa Unity, programu ya kuundia gemu, kwa mfano, wamezoea kuipa Time.timeScale thamani ya sifuri. Amri hiyo inaganda muda wa gemu, ila kamera inaendelea kupiga picha. Kwa hiyo kila jani, kila kivuli na kila mng'ao wa maji vinachorwa upya kutoka mwanzo, picha ileile, mara mia na zaidi kwa sekunde, mbele ya kiti kitupu. Ni kama mpishi wa chapati anayeendelea kusukuma na kuchoma baada ya wateja wote kuondoka.

Na mbona wati zipande badala ya kubaki palepale? Gemu inapochezwa, mara nyingi kadi huisubiri prosesa, ubongo wa kompyuta, imalize hesabu zake: nani yuko wapi, nani amegongana na nini, adui ageuke kushoto au kulia. Kusubiri huko ndiko pumziko la kadi. Ukisimamisha gemu, hesabu nyingi zinaisha na kadi inakuwa haina wa kumsubiri. Ikiwa hakuna kikomo cha fremu kilichowekwa, inafungua mbio. Kwenye menyu nyepesi isiyo na mandhari nyuma yake inaweza kufikia fremu mamia, hata maelfu, kwa sekunde, na hapo ndipo baadhi ya kadi huanza kutoa ule mlio mwembamba kama wa mbu. Skrini yangu hubadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde. Kila fremu inayozidi hapo ni joto tupu.

Jambo hili si geni kwa watengenezaji. Mwaka 2010, StarCraft II ilipotoka, wachezaji walilalamika kwamba kompyuta zao zinachemka wakiwa kwenye menyu, wala si vitani. Blizzard, kampuni iliyoitengeneza, ilikiri, ikawaelekeza waongeze mistari miwili kwenye faili la mipangilio ili kuweka kikomo cha fremu 60 ndani ya gemu na 30 kwenye menyu. Kisha Julai 2021 likaja la New World, gemu ya Amazon iliyokuwa bado kwenye majaribio. Wenye kadi za RTX 3090, kadi za wati 350 na za bei ya kutisha, waliripoti kwamba zimekufa wakiwa wanacheza, wengine wakiwa kwenye menyu tu. Amazon ikatoa marekebisho ya kuweka kikomo cha fremu kwenye menyu.

Wengi huishia hapo wanaposimulia kisa hicho, na hapo ndipo wanapomkosea fundi wangu. EVGA, kampuni iliyotengeneza nyingi ya kadi zilizokufa, ilizichunguza na baadaye mwaka huohuo ikaeleza kwamba tatizo lilikuwa uchomeleaji duni kwenye kadi chache, kama dazeni mbili hivi. Kadi zilizochomelewa sawasawa zilipita kwenye menyu ileile zikiwa salama. Kadi ya kisasa ina ulinzi wake: ikipata joto kupita kiasi inapunguza kasi, na hali ikizidi inajizima. Kuiambia ifanye kazi kwa nguvu zote kwa dakika arobaini si kuitesa; ndiyo kazi iliyoundiwa. Anayekuambia kwamba kuacha gemu imesimama usiku mmoja kutaichoma kadi isiyo na kasoro anakutisha bure.

Hoja ya kupanda na kushuka nayo ina mizizi. Chipu na bodi iliyokaliwa na chipu havipanuki kwa kiwango kimoja vinapopata joto. Kila mzunguko wa moto na baridi unavuta kidogo vile vitone vya madini ya kuchomelea vinavyoviunganisha, na baada ya mizunguko mingi kitone kinaweza kupasuka. Julai 2008 Nvidia, kampuni ya chipu za grafiki, ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta za mapajani zilizokuwa zinaharibika kwa sababu ya udhaifu wa namna hiyo kwenye maungio. Mafundi walioziona mashine zile zikirudi dukani moja baada ya nyingine hawawezi kulisahau somo hilo, na sitaki kulidharau.

Lakini tupime ukubwa wa mzunguko wenyewe. Kadi yangu ikichezwa hukaa kwenye nyuzi 70 na kitu. Nikiiwekea kikomo ikiwa imesimamishwa, inashuka taratibu hadi 50 na kidogo. Huo ni mteremko wa nyuzi 20. Nikizima kompyuta usiku wa Julai, asubuhi kadi iko kwenye nyuzi 17 au 18, kisha inapanda hadi 70. Mzunguko ulio mkubwa ni ule wa kuwasha na kuzima, na hakuna fundi anayetuambia tusizime kompyuta. Na stima inapopotea ghafla mtaani kwetu, kadi inashuka kutoka juu kabisa hadi chini bila feni hata moja kuzunguka. Nikilinganisha na hayo, mteremko mpole wa nyuzi 20 sioni kama ndio wa kuogopwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni somo lenyewe la EVGA likisomwa kutoka hapa Nairobi. Kadi nzima ilistahimili, dhaifu ikafichuka. Sasa jiulize kadi zetu ni zipi. Nyingi zinazouzwa hapa mjini ni za mtumba. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kutumia kadi Septemba 2022, kadi zilizokuwa zimefanya kazi mchana na usiku zilimwagika sokoni dunia nzima, na kadi ya namna hiyo ikishapanguswa na kuwekwa kwenye boksi safi huwezi kuitambua kwa macho. Dawa ya joto kati ya chipu na chuma cha kupoozea imekauka. Dhamana ni neno la muuzaji, na simu yake inapatikana akipenda. Aliyenunua kadi mpya nchini Uingereza ikafa anaandika barua pepe na kutumiwa nyingine. Mimi ikifa, ni akiba ya miezi mitano.

Ongeza vumbi la barabara zetu linaloziba mapezi ya kupoozea. Ongeza pia jambo ambalo sijawahi kusikia likizungumzwa kwenye maduka ya hapa: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15. Feni ikizunguka kwa kasi ileile, inasukuma hewa pungufu kwa uzito, kwa hiyo inabeba joto pungufu. Baridi yetu inafidia sehemu ya hasara hiyo, hasa katikati ya mwaka. Februari mchana, kwenye chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, haifidii.

Upande wa pesa niseme kwa uaminifu: kwa mtu mmoja ni kidogo. Nilipoweka kikomo cha fremu 30, gemu ileile ikiwa imesimama, kipimo kilishuka kutoka 243 hadi 112. Tuseme tofauti ni wati 130. Ukiacha gemu imesimama saa moja kila siku, kwa mwezi ni yuniti 3.9. Nikikadiria shilingi 30 kwa yuniti, hiyo ni shilingi 117. Anayesema hatasumbukia hiyo simlaumu. Ila chukua duka la gemu lenye kompyuta 10, kila moja ikikaa saa nne kwa siku kwenye menyu ikisubiri mteja. Hapo ni yuniti 5.2 kwa siku, shilingi 156, na kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya shilingi 4,000. Mwenye duka huyo analipia fremu zisizotazamwa na mtu, na pengine hajui. Hoja ya mazingira ina uzito mdogo kwetu kuliko penginepo, kwa kuwa sehemu kubwa ya stima ya Kenya inatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo.

Kwangu mimi kilicho na thamani kuliko shilingi hizo ni dakika za UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta stima ikipotea. Ile UPS ndogo ya VA 650, iliyojaa kila duka, ina betri ya risasi, na betri ya risasi ina tabia moja: ukipunguza mzigo kwa nusu, muda unaongezeka zaidi ya mara mbili. Stima ikipotea ukiwa chini kwenye foleni ya maji, kompyuta inayovuta wati 243 inaweza kuzimika kabla hujamaliza ngazi. Kwa wati 112 una nafasi ya kurudi, kuhifadhi mchezo na kuzima vizuri. Nimepoteza saa tatu za mchezo kwa njia hiyo, na sitaki mwingine azipoteze.

Watengenezaji nao wana la kujitetea. Mchezaji akifungua menyu ili kubadilisha mwangaza au vivuli, anataka kuona mabadiliko palepale nyuma ya menyu. Ukiganda picha, umemnyima hilo. Kadi iliyotulizwa kabisa huhitaji muda mfupi kurudi kwenye kasi, na mtikisiko huo anayerudi vitani anausikia. Gemu za mtandaoni hazisimami hata ukibonyeza nini, kwa sababu wenzako wanaendelea. Haya yote ni kweli, na ndiyo maana sidai uchoraji ukomeshwe. Nadai upunguzwe. Fremu 30 zinatosha kabisa kuonyesha mwangaza ukibadilika, na mchezaji akirudi ndani kikomo kinaondoka. Unity ina njia ya kupunguza uchoraji bila kugusa muda wa gemu tangu toleo la 2019.3. Mwaka 2023 Microsoft ilitoa zana za kuwasaidia watengenezaji wa gemu za Xbox kuona wapi stima inapotea, na menyu na gemu zilizosimama ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuguswa. Hakuna kinachokosekana isipokuwa mtu kukumbuka kuandika mstari wa kuweka kikomo hicho, na nawaambia hivyo pia vijana wa hapa Nairobi wanaotengeneza gemu zao, hasa za simu, ambako fremu za bure zinakula betri.

Hadi wakumbuke, mchezaji ana njia. Draiva ya Nvidia, yaani programu inayoiendesha kadi, ina kikomo cha fremu tangu Januari 2020, na sasa ina kingine cha pekee kwa gemu unayoiacha nyuma ukahamia dirisha jingine. Hicho cha pili ndicho ninachokipenda: nimekiweka 20, na nikiitwa ninabonyeza Alt na Tab kabla ya kuinuka. Wenye kadi za AMD wana Radeon Chill, inayopunguza fremu yenyewe mkono ukitulia. Ukikosa yote, washa V-Sync, angalau kadi isivuke kasi ya skrini. Kuna wanaoigandisha programu nzima ya gemu kwa zana za nje. Wati zinashuka kabisa, lakini gemu nyingine hazirudi zikiwa hai, na za mtandaoni zinakutoa. Siipendekezi.

Nimerudi Luthuli jana kununua dawa ya joto. Fundi aliniuliza kama bado nabishana na moto. Nilimwonyesha picha mbili za kipimo kwenye simu, akazitazama kwa muda, kisha akaniuliza ile draiva inabadilishwa wapi, maana mashine ya mwanawe hukaa kwenye menyu kutwa nzima. Gemu yenyewe bado haina kikomo chochote kwenye menyu yake. Nimewaandikia walioitengeneza na kuwatajia namba hizo mbili: 220 ikichezwa, 243 ikiwa imesimama.