Umaskini peke yake haumtoi mtu kwao

Kila redio za hapa Mbeya zinapotangaza kwamba Waethiopia walio njiani kwenda Afrika Kusini wamekamatwa wamejificha kwenye lori, maneno ya vijiweni huwa yale yale. Mmoja atasema njaa imewakimbiza, mwingine atadakia kwamba kwao kuna vita, na wa tatu, ambaye hakuna kijiwe kinachomkosa, atasema hao ni wa kurudishwa tu. Wote wanadhani mtu anahama kwa sababu hana kitu. Asiye na kitu kabisa hahami, maana hana nauli.

Kutoka kusini mwa Ethiopia, maeneo kama Hadiya wanakotoka wengi wao, hadi Johannesburg, kila nchi ina wakala wake na kila wakala anataka chake. Familia inauza ng'ombe, inakopa kwa ndugu, au kaka aliyetangulia, mwenye kiduka huko Sauzi, anatuma hela. Huyo kaka ndiye wa kumtazama. Maskini wako kila kona ya Ethiopia, lakini vijana wanaofika kwetu hutoka zaidi kule ambako tayari kuna mtu wao Sauzi.

Jambo hili sisi wa nyanda hizi hatukuhitaji kufundishwa. Wazee wa Rungwe na Kyela walikwenda kwenye shaba ya Zambia, enzi hizo Rhodesia ya Kaskazini, na kwenye dhahabu ya Joni, yaani Johannesburg. Vitabu vinasema ni kodi ya mkoloni, na kodi kweli ilidaiwa kwa fedha taslimu. Ila kaa na mzee aliyeandikishwa na Wenela, ile kampuni iliyokuwa ikikusanya vibarua wa migodi. Kodi ataigusa tu, kisha atazama kwenye habari za ng'ombe wa mahari, na za nani alirudi na baiskeli. Nilimkuta mzee mmoja kule Kyela ambaye bado ana sanduku la bati alilorudi nalo, komeo limeshika kutu, ndani mna karatasi za shamba na kanga za marehemu mkewe. Nikamuuliza alifuata nini huko mbali.

"Koti, mjukuu wangu," akasema. "Jirani yetu alirudi nalo, akapita nalo sokoni. Nami nikasema nitakwenda."

Koti, Kyela, kwenye joto lile! Lakini ukimsikiliza vizuri, huyo jirani alikuwa amemwonyesha kwamba njia ipo, inapitika, na mtu anarudi mzima. Hilo hakuna kodi wala tangazo la Wenela lingeweza kumwonyesha.

Baada ya Uhuru wa 1961 serikali ilizuia watu wetu kuandikishwa kwenda migodi ya Afrika Kusini, kwa sababu ya siasa za ubaguzi wa makaburu. Kuandikishwa kukakoma, njia haikusahaulika. Leo kijana wa Mwanjelwa, hapa hapa Mbeya, akitaka Sauzi anakata pasipoti, anavuka mpaka wa Malawi pale Kasumulu, anashika basi. Mtanzania anaruhusiwa kuingia Afrika Kusini siku 90 bila viza. Akiamua kubaki baada ya hapo ni shauri jingine, na tunajua wanaobaki.

Mwethiopia hana nafasi hiyo. Kwa miaka mingi ameingia Kenya bila viza, kwa hiyo akiwa na pasipoti, mpaka Nairobi ni abiria kama abiria wengine. Akivuka kuja kwetu bila viza ndipo anapoitwa mhamiaji haramu na kulazwa chini ya magunia, wakati kijana wetu amekaa dirishani anakula mahindi ya kuchoma. Wote wawili wamefuata ndugu aliyetangulia. Kinachowatofautisha ni muhuri, na bei ya kuukosa ni kubwa mno: Juni 2012, mkoani Dodoma, Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa baada ya kukosa hewa kwenye lori. Machi 2020 huko Tete, Msumbiji, maiti 64 zilikutwa ndani ya kontena la lori lililotokea Malawi.

Sisemi vita haihamishi watu. Ifunda mkoani Iringa na Kidugala kule Njombe kuna makaburi ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakapitia Uajemi, wakaletwa huku na Waingereza kuanzia 1942. Wangoni nao walikuja hadi Songea wakitoka kwenye vurugu za kusini mwa Afrika. Lakini anayekimbia risasi anakwenda popote penye usalama. Hawa wa kwenye malori wanajua mtaa wanaokwenda na jina la mwenye duka.

Kwa hiyo watu wanaposema doria iongezwe kwenye barabara kuu, mimi nauliza itamzuia nani. Wakala atahamia njia za panya na kupandisha bei. Huyo wakala na mwenye lori wangefuatwa kwa nguvu ile ile wanayofuatwa abiria, ningeelewa. Badala yake kijana anapewa faini asiyoweza kulipa, anafungwa, anakula ugali wa serikali, kisha anapandishwa ndege kurudi Addis Ababa. Wapo wanaoanza safari upya, maana kaka bado yuko kule na deni la ng'ombe bado linadaiwa.