Cheti ukutani, ritani hakuna

Inakera mno! Msimu wa korosho ukikaribia, watu Newala na Masasi wanakimbilia kufungua kampuni. Cheti kinatoka, kinatiwa fremu, basi. Hakuna anayewaambia kwamba kila mwaka tarehe ya usajili ikirudi, una siku 28 za kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mwaka ya kampuni, kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, hata kama kampuni haijauza kilo moja. Ukichelewa, faini inapanda kila mwezi. TRA, mamlaka ya mapato, nako wanataka ritani ya kodi ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa.

Kibaya zaidi ni huyu wa steshenari anayekusajilia kampuni, kisha anajaza barua pepe na simu yake kwenye akaunti yako ya BRELA mtandaoni. Taarifa zote zinamwendea yeye. Akibadili laini, umekwama. Jaza zako, jamani!