Anayejaza lori la ng'ombe alipie michubuko

Lori la ng'ombe kutoka Mbarara hadi Kampala hukodiwa kwa safari, si kwa kichwa. Mateso yote yanaanzia hapo. Mchuuzi akishalipia Fuso nzima, kila ng'ombe anayemwongeza anapunguza nauli ya wengine, basi atawasukuma mpaka mlango ukatae kufunga. Watu humlaani dereva na taniboi wake. Mimi naanza na hesabu hiyo.

Tena hawa ni ng'ombe wa Ankole, ambao pembe zao peke yake zinataka uwanja. Ili wasitoboane macho, wapakiaji huzifunga pembe kwa kamba kwenye vyuma vya juu, na mnyama husafiri kilomita takriban 270 shingo ikiwa imevutwa. Sakafu imelowa mkojo na kinyesi. Breki moja kali, mmoja anateleza. Akishaanguka hana pa kuinukia, wenzake wanamkanyaga. Taniboi anapanda, anamsokota mkia, anamchoma kwa fimbo. Njiani, kwenye mji wa Lukaya, abiria wa mabasi wananunua kuku wa kuchoma na ndizi za gonja. Ng'ombe hawapati hata ndoo ya maji. (Kuku wenyewe nao huletwa sokoni wakining'inia kichwa chini kwenye bodaboda, ila hayo tuyaache kwa leo.)

"Si wanakwenda kuchinjwa?" ndilo jibu la kawaida. Haya, tuweke huruma kando. Mnyama aliyechoka na kuhangaika humaliza sukari iliyo akiba misulini mwake. Akichinjwa katika hali hiyo, nyama haitengenezi tindikali ya kutosha: inabaki nyeusi, kavu, na inaharibika upesi. Palipochubuka panakatwa na kutupwa. Ila michubuko haionekani mpaka ngozi ivuliwe, na ng'ombe wetu wengi huuzwa kwa kukadiriwa kwa macho, bila mzani. Ngozi inapovuliwa, mchuuzi keshatia pesa mfukoni.

Sheria tunayo. Ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama ni ya mwaka 1957, na inagusa hata namna ya kuwabeba. Lakini barabarani kinachoulizwa ni kibali cha kusafirisha mifugo, na kibali hicho kimewekwa kwa ajili ya magonjwa, hasa ugonjwa wa miguu na midomo, ambao huweza kufunga minada ya wilaya nzima kwa karantini. Askari anahesabu vichwa, anaona vinalingana na karatasi, anaruhusu. Kama watatu wamelala chini ya kwato za wenzao, karatasi haiulizi.

Ningetaka iulize: ukubwa wa sakafu, idadi inayotosha humo, saa ya kupakia, lini walikunywa maji. Daktari wa mifugo wa wilaya anaweza kuyaandika hayo hapo hapo anapowakagua. Nauli ya kila ng'ombe itapanda, na nyama nayo kidogo; niko tayari kuilipia.

Ila najua nchi yangu: swali jipya kwenye karatasi ni mlango mpya wa kitu kidogo. Kwa hiyo tegemeo langu kubwa ni mzani wa machinjioni. Mchuuzi alipwe baada ya kuchinja, kwa uzito wa nyama, na kila kipande kilichotupwa kwa michubuko kitoke kwenye malipo yake. Akikatwa hivyo mara mbili tatu, safari inayofuata atawaacha wawili mnadani bila kuambiwa na mtu.