Vikopo Vitano vya Unga Mweupe

Jikoni kwa mama yangu vikopo havikuwahi kuandikwa majina. Chumvi ilikaa katika kopo lililowahi kuwa la majani ya chai, magadi yaliyosagwa yakakaa katika kopo la maziwa, na ilitosha kwamba mwenye jiko anajua. Mama alipolazwa hospitalini nikaingia mimi kupika, na mbele yangu nikakuta vikopo vitano vya unga mweupe. Nilikuwa nimesoma Kemia kwa miaka minne na ningeweza kutaja tofauti kati ya mabadiliko ya kimaumbile, ambapo kitu hubaki kilekile, na mabadiliko ya kikemia, ambapo huwa kitu kingine, bila kukosea neno, lakini sikujua pa kuanzia bila kuonja, na kuonja unga usioujua ndilo jambo la kwanza ambalo mtu hapaswi kulifanya.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba mada hii tunaifundisha kwa kuanzia mkiani. Mwanafunzi hupewa fasili, huikariri, kisha huorodheshewa mifano, ilhali angepaswa kupewa kwanza unga asioujua jina lake, atakiwe kuuhoji hadi ujitaje wenyewe.

Maji pekee hujibu mengi. Unga wa muhogo huyafanya maji yawe kama maziwa, kisha hutuama chini ya glasi. Chumvi na sukari hupotea machoni, lakini hazipotei kwa kiasi kimoja: mililita 100 za maji ya kawaida hupokea gramu 36 hivi za chumvi, ilhali sukari huingia takriban gramu 200. Bekingi pauda hutoa povu katika maji matupu, kwa kuwa ndani yake bikaboneti, yaani bekingi soda, imechanganywa na asidi kavu inayosubiri unyevu tu. Bekingi soda na magadi hukaa kimya katika maji, lakini vikidondoshewa ndimu hufoka papo hapo na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Tone la ayodini, ile ya kupaka vidonda, huufanya unga wa muhogo uwe na rangi ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, na mara nyingi huifanya hivyo bekingi pauda pia, kwa sababu watengenezaji huongezamo wanga ili isishike unyevu. Kwa hiyo anayetegemea ayodini peke yake ataita bekingi pauda unga wa muhogo, na anayetegemea ndimu peke yake hatajua magadi ni yapi.

Hapa lugha yetu yenyewe inadai uangalifu. Tunasema sukari imeyeyuka katika chai, na tunasema vilevile sukari imeyeyuka kwenye kikaango, ingawa ni mambo mawili tofauti kabisa. Katika chai sukari ingali sukari, na maji yakikaushwa taratibu hurudi. Kwenye kikaango hulainika, huwa kahawia, hunukia, na mwisho huwa mkaa mweusi usioweza kutia utamu kitu chochote. Neno kumumunyika tunalo, nami ningependa walimu walitumie kwa hali ile ya kwanza ili mtoto asibebeshwe mkanganyiko ambao hakuuleta yeye.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni la kikaango kikavu. Loweka vipande vya karatasi nyeupe katika maji yaliyochanganywa na manjano, ile bizari ya mchuzi, uvianike. Chovya kimoja katika maji ya bekingi soda: rangi itabadilika kidogo tu. Sasa kaanga bekingi soda hiyo kwa moto wa wastani kwa dakika kadhaa, ukishikilia glasi baridi juu yake, na utaona glasi ikitoa jasho. Unga ukipoa utakuwa mweupe vilevile kama mwanzo, lakini gramu 100 zikibadilika zote zitabaki kama 63, na maji yake yataigeuza karatasi kuwa nyekundu nzito, kama doa la mchuzi kwenye kanga linapoguswa na sabuni. Jicho halikuona lolote katika unga ule, na kumbe kitu kimeshakuwa kingine. Karatasi hiyohiyo ndiyo iliyonitambulishia magadi ya mama, ambayo huigeuza kwa ukali ule bila hata kukaangwa.

Ndiyo maana ninaipinga kwa dhati ile kauli ya madaftarini kwamba badiliko la kimaumbile hurudi na la kikemia halirudi. Mahindi yaliyosagwa hayarudi kuwa punje, na hakuna kemia yoyote iliyotendeka pale kinuni. Upande wa pili, mafundi wa pwani walichoma mawe ya matumbawe katika tanuri za kuni wakapata chokaa hai, wakaimwagia maji ikafuka joto na kumeng'enyeka kuwa unga, kisha wakaijengea nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Ukutani chokaa hiyo hufyonza kabonidayoksaidi ya hewani na polepole hurudia kuwa kemikali ileile ya jiwe. Hayo yote ni mabadiliko ya kikemia, nayo yamerudi yalikoanzia.

Majaribio haya yafanywe kwa unga wa jikoni tu, chini ya macho ya mtu mzima. Soda kali ya kutengenezea sabuni huunguza ngozi, na unga wa klorini wa kusafishia maji ukikutana na ndimu au siki hutoa gesi ya sumu; vya namna hiyo havina nafasi juu ya meza ya mtoto.

Katika mtihani ningependa mwanafunzi apewe vikopo vitatu visivyo na majina, ndimu, ayodini na karatasi za manjano, aandike alichofanya, alichokiona, na kwa nini alikataa majina mengine. Alama nyingi ziwe kwenye hilo la mwisho, hata kama jina alilolitaja si lenyewe.