Nimelipa Hela Yangu Kuanguka

Jamani, mimi ni mtoto wa Lushoto. Habari za milima sifundishwi. Kwetu mtu anashuka mlima na tenga la kabichi kichwani, anapanda na mfuko wa chumvi, njiani kasalimia ukoo mzima, na miguuni ana yeboyebo. Sasa Jumamosi iliyopita nilikuwa nimelala chali kwenye theluji ya Scotland, na mtoto wa miaka kama minne kaniinamia ananiuliza kama niko salama.

Chanzo ni mama Rehema. Tunaishi Aberdeen, mwaka wa tatu huu, na kazini kwake wamemwambia kuna mahali panaitwa Lecht, padogo, pa watu wanaojifunza kuteleza kwenye theluji na mbao miguuni. "Huku Scotland milima yenye vituo vya kuteleza ni mitano," akanisomea kwenye simu. "Glenshee, Cairngorm, Glencoe, Nevis Range na Lecht. Glenshee ndiyo kubwa kuliko zote. Lecht ndiyo saizi yako, baba Rehema."

Panaitwa Lecht 2090. Nikadhani ni mwaka, nikamjibu basi haraka ya nini, bado tuna muda. Kumbe futi! Futi 2,090, yaani mita 637 kutoka usawa wa bahari. Lushoto pale stendi tu, kwa muuza karanga, umeshapita mita 1,300. Stendi yetu iko juu mara mbili ya kituo chao na hakuna aliyewahi kulipa kiingilio.

Halafu njoo kwenye barabara. Ni ile A939, kati ya Cockbridge na Tomintoul. Ukikaa huku majira ya baridi utaisikia redioni mpaka uichoke: theluji ikimwagika kidogo, yenyewe ndiyo ya mwanzo kufungwa. Ina geti kabisa, la chuma. Mbele kidogo, upande wa Tomintoul, kuna jiwe limechongwa mwaka 1754 la askari walioichimba njia hiyo. Nawaelewa. Nao walikuwa wanatii amri ya mtu.

Lakini hesabu yake ndiyo inanishinda. Theluji ikiwepo, barabara imefungwa. Barabara ikifunguliwa, upepo umeshaipeleka theluji kwa majirani. Ndiyo maana mlimani wamepigilia uzio wa mbao, safu kwa safu. Nikauliza wanazuia kondoo? Hapana, wanazuia theluji isitoroke. Yaani baridi yote hii, na theluji bado inafugwa!

Viatu vya kutelezea sivisemi sana. Ukivivaa unatembea kama umefungwa plasta ya hospitali miguu yote miwili, kisha ndiyo unafungiwa mbao mbili ndefu kuliko kitanda cha mtoto. Mwalimu, kijana mpole, akatuambia, "Kusimama, pizza. Kwenda, chipsi." Nikafurahi, nikajua chakula kimefika. Kumbe pizza ni kukutanisha ncha za mbele na kutanua visigino, na chipsi ni kuzilaza mbao sambamba. Rehema, miaka saba, akapiga pizza yake akasimama pale pale. Pizza yangu mimi ikawa sambusa: ubao ukapanda juu ya mwenzake, nikajikunja pembe tatu.

Sasa ile lifti. Ni fimbo inayoning'inia kwenye waya, mwisho wake kuna kisahani cha duara, kidogo kama mfuniko wa sufuria. Unakipitisha katikati ya mapaja, kinakuvuta mpaka juu. Mwalimu alisema mara tatu: usikae. Lakini jamani, mtu mzima unaletewa kitu kama kigoda, kinakugusa makalioni, utaachaje kukaa? Nikakaa. Fimbo ile ina springi. Ikarefuka, ikanishusha taratibu, kwa adabu zote, mpaka chini, halafu ikaendelea na safari. Na mimi sikuiachia. Nimeilipia! Nikaburuzwa huku nimeing'ang'ania kama mkia wa ng'ombe, hadi glovu moja ikabaki nayo na mimi nikabaki na mlima.

Nikahamishiwa kwenye zulia. Ni mkanda unaotembea chini, kama ule wa mabegi uwanja wa ndege. Nikapanga foleni na watoto wa chekechea, mwenye ndevu nikiwa peke yangu, na yule wa miaka minne akanipisha mbele kama anavyopishwa mgonjwa.

Mama Rehema alikuwa amerekodi kila kitu. Kabla hatujafika Corgarff, kijiji cha njiani kurudi nyumbani, video imeshafika Lushoto. Mama yangu akatuma sauti, ya taratibu, ya huzuni: "Pole mwanangu. Hivyo vyuma miguuni wamekufunga kwa kosa gani? Mwambie mkeo alipe hiyo faini wakuachie."

Keshalipa, mama. Ya Jumamosi ijayo, watu watatu.