Laki na Themanini za Samaki

Kilichoniponza ni samaki.

Niliingia duka moja pale Ngamiani, Tanga, nikiwa na hesabu yangu kamili mfukoni: TV ya inchi 43, Full HD, nirudi nyumbani. Muuzaji akaniwashia ya 4K iliyokuwa pembeni. Ndani samaki wanaogelea kwenye matumbawe, wamekolea rangi hadi mmoja nikamhesabu magamba. "Hiyo yako ina nukta milioni 2," akasema. "Hii milioni 8. Mara nne, bosi, kwa nyongeza ya laki na themanini tu." Ile "tu" ndiyo iliyonimaliza.

Jumamosi timu yetu, Coastal Union, ilikuwa ugenini. Nikaalika baraza zima, na baba mkwe juu, mzee aliyevua samaki maisha yake yote mpaka magoti yalipogoma. Mke wangu kapika mihogo ya nazi, TV iko ukutani, na stika yake sijaibandua, makusudi, watu wasome 4K.

Nikachomeka king'amuzi kwa zile nyaya tatu za zamani: nyekundu, nyeupe na njano. Mpira ukatokea. Wachezaji vichwa vimelainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Mpira ukipigwa juu unapotea, ukishuka ni miwili.

"Mgosi," mmoja akauliza, "kwani huko kunanyesha?"

Hakukuwa na mvua. Fundi alinieleza baadaye: waya wa njano unapitisha picha ya nukta laki nne hivi, halafu TV inazivuta zijaze milioni 8. Yaani unga wa mtu mmoja unausongea ugali wa watu ishirini! Kwenye TV ya kichogo unga ule ule ulikuwa unatosha na kusaza. Hata ningetumia waya wa kisasa wa HDMI, chaneli yenyewe haikuwa ya 4K. Akanimalizia: kwa inchi 43, macho mazima yakikaa mita 2 kwenda nyuma hayaoni tofauti ya 4K na Full HD. Kochi langu, nililipima kwa futikamba, liko mita 3 na nusu. Ile laki na themanini si bora ningenunua baiskeli ya mtumba, kama watu wengine wa Tanga.

Lakini siku ile sikuyajua hayo. Kuokoa heshima nikasema tusogee karibu. Likasogezwa kochi, ukasogezwa mkeka, akasogezwa baba mkwe na kiti chake. Kila tukisogea, ukungu unazidi. Dakika ya thelathini mtu akakumbuka kuwa jirani ana kichogo. Wakatoka mmoja mmoja, huyu anaaga, yule anasingizia simu. Sahani za mihogo waliondoka nazo.

Nikabaki na mkwe. Kwa aibu nikachomeka flashi ambayo muuzaji alinipa bure. Samaki wakaja, wanawaka! Mzee akavaa miwani, akaanza kuwataja kama anayeita mahudhurio: changu, pono, tasi, kolekole. Kwa jirani goli likashangiliwa mpaka bati likalia. Hakugeuka.

Baada ya nusu saa akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, huyu chewa kapita hapa mara ya nne sasa. Hana kwao?"