Anayefika Dadaab aandikishwe siku hiyo hiyo

Kuna voisi imezunguka kwenye magrupu ya Malindi wiki hii, jamaa anasema ati wakimbizi wa Dadaab, zile kambi za Garissa, wamekaa miaka thelathini wanakula bure, warudi kwao. Imenikera sana, manake anayeongea ni mtu wa pwani kabisa. Jamani, 1991 Siad Barre, rais wa Somalia, alipoanguka watu walishuka huku kwetu kwa majahazi, Wabajuni wa Kismayu, Wabarawa, na watu wakafungua milango. Bibi yangu hapo Shela aliipa familia moja ya Kibarawa chumba cha uani, mama yao alikuwa akishona kofia barazani, na hakuna aliyewauliza karatasi. Baadaye kambi za pwani, Utange, Jomvu, zikafungwa na wengi wakapelekwa Dadaab na Kakuma. Hao mnaowatukana wengine walikuwa majirani zetu.

Na hiyo habari ya kula bure, wacha niiseme vizuri. Kambini huli kwa sababu una njaa, unakula kwa sababu umeandikishwa. Bila alama za vidole na kadi huna posho, huna sehemu ya kujenga, unabaki pembezoni kwenye vijiti na matambara ukisubiri jamaa aliye ndani akugawie posho yake ambayo hata yeye haimtoshi. Zamani ukivuka mpaka kutoka Somalia ulipokewa Liboi, mji wa mpakani, unapimwa, unabebwa kwa gari. Januari 2007 serikali ikafunga mpaka na kituo kile kikafungwa, na kutoka Liboi mpaka Dadaab ni kilomita kama 80 za jua na mchanga, basi 2011 njaa ilipoingia Somalia na watu zaidi ya elfu moja wakawa wanafika kwa siku moja, kina mama walitembea na watoto mgongoni na wengine waliwazika njiani. Kambi zenyewe zilijengwa kwa watu 90,000.

Shemeji yangu alifanya kazi ya unesi Hagadera, moja ya kambi za Dadaab. Anasema mtoto akifika unamfunga kitepe cha rangi mkononi, juu ya kiwiko, mkono ukiwa na mzunguko chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani ana utapiamlo mkali, huyo anaingizwa kwenye matibabu palepale. Kitepe hicho ni karatasi tu, lakini lazima kuwe na mtu wa kukifunga, na mtu huyo anakaa pale watu wanapopokelewa. Sasa fikiria 2016 serikali ikafuta utaratibu wa Msomali kutambuliwa moja kwa moja kuwa mkimbizi, uandikishaji wa wageni Dadaab ukasimama miaka na miaka, ukarudi 2023, na katikati hapo mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Watu hawakuacha kuja, ila tu waliacha kuandikwa.

Najua mtaniambia usalama. Sawa, sisi Lamu na Malindi hatufundishwi hilo na mtu, mashambulizi ya Mpeketoni 2014 tuliyajua, tumeishi na kafyu, wavuvi wamezuiliwa bahari usiku mpaka nyumba zikalala njaa. Woga huo ni wa kweli na siwezi kumlaumu aliye nao. Lakini mtu aliyepigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole unamjua ni nani na analala wapi. Ukikataa kumwandika harudi, anaingia tu na wewe humjui. Kama ni usalama mnautaka, basi mngekuwa wa kwanza kupiga kelele watu waandikishwe.

Posho zilivyokatwa 2025 ni aibu ya wafadhili, hiyo ina siku yake. Na Mpango wa Shirika, ule wa serikali wa kugeuza kambi kuwa makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja, nitauamini nikiona mtu wa kambi ya Ifo hapo Dadaab anapanda basi kuja Malindi bila kuomba ruhusa.

Kwa sasa naomba kitu kimoja kwa wenye mamlaka: kirudisheni kituo cha Liboi. Meza, nesi, mashini ya vidole, maji, na lori la kubeba watu. Na Kiunga, huku mpakani upande wa Lamu, pia muweke, kwa sababu wanaokimbia Ras Kamboni ng'ambo ya mpaka hawatazunguka mpaka Liboi ndio waandikwe.